Jina Alilolitaka Daktari wa Meno

Barua pepe iliingia Jumanne asubuhi, wakati Fleshi amepiga goti mbele ya mzee mmoja akimsihi ainue kidevu, kidogo tu, hapo hapo, asipepese. Nyuma ya kaunta, kwenye kompyuta, alikaa mkewe, Mama Pacha. Barua zote za studio zilipitia mikononi mwake, maana Fleshi akiandika barua ya mistari mitatu, miwili huwa ya kuomba radhi.

"Kuna watu wanataka kununua jina," Mama Pacha alisema.

"Jina gani?"

"La tovuti yetu. Tabasamu."

Fleshi akabonyeza bila kutazama. Mwanga ukawaka, mzee akafumba macho, ikabidi waanze upya.

Mtaa mzima ulimwita Fleshi, hata mama mkwe wake, naye alishazoea kiasi kwamba akiitwa jina la kwenye kitambulisho hugeuka kumtafuta mwenyewe. Studio aliifungua miaka kumi na minne nyuma: chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti cha kuzunguka na mwavuli mweupe wa taa. Jina lilitoka kwa mkewe. "Iite Tabasamu," alimwambia siku walipokuwa wakipaka rangi, na Fleshi akaona ndilo hilo hilo, halina mjadala. Jirani yao mwenye duka la intaneti akawashauri walisajili mtandaoni kabla wenye akili hawajaamka. Wakalisajili likiwa tupu, bila mkia wala nyongeza: tabasamu, nukta, na zile herufi tatu zinazojulikana dunia nzima. Kila mwaka walilipia kidogo, likaendelea kuwa lao. Tovuti yenyewe ilikuwa imechakaa. Ilikuwa na picha za maharusi ambao wengine walishaachana na kuoa kwingine, namba ya simu, na ramani iliyomfikisha mteja kwenye mlango wa choo.

Mama Pacha alisoma barua kwa sauti. Kliniki ya meno ya barabara ya juu, karibu na benki, inafungua tawi la pili. Tawi hilo wanataka kuliita Tabasamu. Kila kitu kiko tayari, ila walipokwenda kusajili tovuti wakakuta jina lina mwenyewe. Je, mwenyewe yuko radhi kuuza? Chini yake ilitajwa bei, na chini ya bei ikawekwa saini ya Meneja wa kliniki.

Mzee wa picha aliposikia ile bei aligeuza shingo yote. "Uzeni," alisema. "Uzeni leo, kesho hao watapata fahamu."

"Unasemaje, Mama Pacha?" Fleshi aliuliza.

"Mimi? Mimi sina neno." Akaanza kupanga bahasha ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Kwa mume mwingine habari ingeishia kwenye furaha. Lakini Fleshi, pamoja na wema wake wote, alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa wenyewe ni wivu. Hakuwa mtu wa kupiga wala kutukana. Wivu wake ulikuwa wa ndani kwa ndani, wa kupanda na kushuka kama homa. Sebuleni kwao ilining'inia picha ya familia ambayo zamani alikuwamo binamu wa Mama Pacha, kamshika begani. Fleshi alikaa na picha hiyo kwenye kompyuta siku nzima akamfuta yule binamu, akatandika pazia mahali pake, akaridhika, akaichapa kubwa. Alichosahau ni vidole. Mpaka leo, kwenye picha ile, vidole vinne vinatoka kwenye pazia na kumshika Mama Pacha bega. Mkewe alikataa katakata iondolewe ukutani. Kila mgeni akifika alionyeshwa.

Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akimwona mkewe anapanga bahasha zilizopangwa, moyo humwambia kuna jambo.

Jambo lenyewe lililetwa Alhamisi na shemeji yake, dada mkubwa wa Mama Pacha, mwanamke mwenye sauti ya kuuza duka zima kwa siku moja. Alikuja kupigwa picha za pasipoti. Mama Pacha alikuwa amekwenda shuleni kwa mapacha.

"Nimesikia mnauza jina, shemeji. Mmeula!"

"Bado tunafikiri."

"Mnafikiri nini? Kliniki ya pale juu ina pesa. Yule Mrefu alirudi na pesa zake zote." Akatengeneza kola. "Nikae hivi?"

"Mrefu nani?"

Shemeji alinyamaza, na kwa kuwa kunyamaza hakukuwa desturi yake, alifanya vibaya. Alitazama dari, akatazama viatu. "Mwenye kliniki," alisema. "Si alikuwa jirani yetu enzi za nyumba ya zamani, akisomea udaktari. Hukumbuki? Aa, wewe hukuwepo. Alikuja kuposa, halafu akapata nafasi ya masomo nje, akaenda zake. Mambo ya kale hayo. Piga basi, shemeji, jasho linanitoka."

Fleshi akapiga. Picha zilitoka shemeji amekodoa macho kama mtu aliyekanyaga msumari, lakini Fleshi hakuziona. Alikuwa akimwona mtu mrefu amekaa sebuleni kwa baba mkwe wake, anakunywa chai.

Kuanzia siku hiyo akala hakushiba. Alitafuta kliniki ile mtandaoni, akaipata picha ya Daktari: koti jeupe, mikono imekunjwa kifuani, meno yamepangana kama vitufe vya piano. Kilichomuuma zaidi ni kwamba picha ilipigwa vizuri. Mwanga umetoka kushoto, laini, kivuli kimekaa pale pale kinapotakiwa. Alitamani angalau mpiga picha angekuwa kanjanja.

Alianza kumchunguza mkewe kama mlinzi wa benki. Akivaa kitambaa kipya alijiuliza amevalia nani. Akiimba jikoni alijiuliza furaha imetoka wapi, akiacha kuimba alijiuliza huzuni ni ya nini. Ilifika mahali akaanza kupima dakika anazopiga mswaki.

"Mbona unanisimamia mlangoni?" Mama Pacha aliuliza, povu mdomoni.

"Nasubiri zamu yangu."

"Umeshapiga mswaki. Nilikuona."

"Basi ile barua ya kliniki," alisema Fleshi, kana kwamba ndilo alilokuwa akiulizwa, "wanataka jibu lini?"

"Mwisho wa wiki ijayo. Nimekwambia mara tatu."

"Na wewe unaonaje?"

"Nimekwambia sina neno."

Mtu asiye na neno haelezi mara mbili, Fleshi aliwaza, akaondoka na mswaki mkononi.

Jumatatu akafunga studio mapema, akambandikia mkewe uongo kwamba anakwenda kununua karatasi za picha, akapanda hadi barabara ya juu. Kisingizio alikuwa nacho, na tena cha kweli: gego la chini kushoto lilikuwa likimsumbua tangu mwaka jana. Mapokezi walipompa daftari la wagonjwa aliandika jina la marehemu babu yake. Alitaka kumwona tu huyo mtu. Amwone, apime, aondoke.

Mambo ya kliniki hayaendi hivyo. Kabla hajakaa sawasawa alikuwa ameshalazwa kwenye kiti, taa imemkaa usoni, sindano ya ganzi imeingia, na mtu mrefu kuliko picha yake amemwinamia na kioo kidogo chenye mpini.

"Panua. Zaidi. Hili lilitakiwa lizibwe zamani, rafiki yangu. Unapenda kuahirisha mambo?"

"Aaa," alisema Fleshi.

Daktari alikuwa mpole. Hilo nalo lilikuwa pigo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, alieleza kila hatua kabla ya kuifanya, na pumzi yake haikunuka chochote. Kando yake alisimama msaidizi, dada mcheshi aliyeshika mrija wa kunyonya mate, na wawili hao walizungumza juu ya kifua cha Fleshi kama majirani wanaozungumza juu ya ua.

"Daktari, na lile tawi jipya, wale wa jina wamejibu?"

"Meneja anashughulika nao. Ni studio fulani ya picha huko chini."

"Lakini kwa nini ung'ang'anie Tabasamu? Yako majina mengi. Meno Safi, Meno Imara, Kinywa Bora."

Daktari alicheka puani. Drili ilikuwa ikilia ndani ya gego la Fleshi. "Nikwambie siri? Kuna msichana nilimwita hivyo zamani. Tabasamu. Nikimwita hivyo ananuna, nikizidi anacheka. Ni jina zuri, halijanitoka kichwani." Akasimamisha drili, akachungulia. "Usimwambie Meneja. Atanifukuza nyumbani."

"Aa! Nimwambie mke wako mimi? Nimeufunga mdomo!" msaidizi akacheka.

"Unaumia, bwana?" Daktari aliuliza. "Nakuona umekunja ngumi."

Fleshi alitikisa kichwa. Kuumia hakuumia, ganzi ilikuwa imefanya kazi yake barabara kuanzia shavu hadi sikio. Ila kutoka shingo kwenda chini hakuna sindano iliyochomwa, na huko ndiko moto ulikowaka. Miaka kumi na minne! Miaka kumi na minne ameamka asubuhi, amefuta vumbi kwenye kibao cha mlangoni, amelipia jina kila mwaka asichelewe hata siku moja, kumbe anamlipia mwanamume mwenzake kumbukumbu. Na mkewe ndiye aliyempa jina hilo, brashi ya rangi mkononi, uso mkavu kabisa.

Akatoka pale gego limezibwa, mdomo umepinda, mate yanamchuruzika upande wa kushoto bila habari. Njia nzima akawa anapiga hesabu ya uamuzi wake, na kila upande uliwaka. Akiliuza jina, Daktari ataliandika kwa taa za rangi juu ya tawi jipya, atakuwa akipita chini ya mke wa mtu kila asubuhi. Asipoliuza, atabaki nalo yeye mlangoni kwake, jina la mapenzi ya mtu mwingine, na kila mteja anayeuliza "Hapa ndipo Tabasamu?" atakuwa anamtonesha kidonda. Alitamani jina life.

Mama Pacha alikuwa akikata picha kwa kisu kidogo alipoingia.

"Karatasi ziko wapi?"

"Nani," alisema Fleshi, mdomo ukimsaliti, "nani aliyekuita Tavathamu?"

"Nini?"

"Tavathamu! Nani alikuita Tavathamu?"

Mama Pacha alimtazama lile shavu lililovimba, ule mdomo uliolegea, yale mate, akaelewa yote kwa mpigo. Kicheko kikamtoka, kikubwa, hadi akaweka kisu chini. Halafu kikakatika.

"Umekwenda kwake," alisema. "Umekwenda kufungua kinywa kwake."

"Jibu."

"Keti kwanza. Futa mate."

Akamrushia taulo. Fleshi akaketi kwenye kiti cha kuzunguka, mbele ya pazia la buluu, kama mteja.

"Baba yangu," Mama Pacha alisema. "Baba yangu ndiye aliyeniita hivyo, nikiwa sijaota hata meno ya mbele. Nilikuwa mtoto wa kununa. Nikiletewa kitu nanuna, nikinyang'anywa nanuna. Baba akawa ananitania mbele ya watu: mleteni Tabasamu asalimie wageni. Mtaa mzima ulilijua. Huyo Daktari alikuwa akija kwetu kuazima vitabu na miavuli, akalisikia, akaliazima na lenyewe. Miavuli miwili ya baba mpaka leo hajarudisha."

"Kwa hiyo hakukupa yeye? Anajigamba mbele ya msaidizi wake!"

"Anipe nini? Alikuja, alikaa, akaenda zake. Niliumia, ndiyo, sitakudanganya, nilikuwa na miaka ishirini. Halafu ikaisha."

"Mbona hukuniambia? Wiki nzima unasema huna neno!"

Mama Pacha akasimama, na sauti yake, ambayo haikuwa ya kupanda ovyo, ikapanda. "Ningekwambiaje wewe? Wewe uliyemfuta mtoto wa shangazi yangu ukaniachia vidole! Nilipofungua ile barua nilijua ni kliniki yake, nikasema nikitamka tu, mtu huyu hatalala mwezi. Nikanyamaza. Umelala?"

Fleshi akajifuta mate kwa taulo.

"Unajua kinachonikera? Siku ile tunapaka rangi sikuwa na kitu. Wewe ulileta kamera, kaka yako alileta meza, mimi nilitoka kwetu na sanduku la nguo. Nikakupa jina langu. Ndio mtaji niliokuwa nao. Leo nakaa nasikia yule anajigamba alinipa yeye, na wewe unanijia na mate, unauliza ni la nani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza mimi."

Nje mtu aligonga kioo kuuliza kama wamefungua. Wote wawili wakasema kwa pamoja, "Tumefunga!"

Mtu yule akaenda zake.

"Basi wewe unataka tufanyeje?" Fleshi aliuliza. Ganzi ilikuwa imeanza kumtoka, na swali likatoka likiwa zima.

"Tuliuze. Tukibaki nalo, kila ukiinua macho mlangoni utamwona yeye. Nimekufahamu. Tuliuze, tuanze na jingine. Ila kusaini nitasaini mimi. Nitaingia mimi ofisini kwao. Wewe utakaa mapokezi, na utakaa kimya."

Ijumaa wakaenda. Fleshi alivaa shati alilovaa siku ya ubatizo wa mapacha, akajikaza kisabuni. Mlangoni walipokelewa na Meneja, mwanamke mfupi mwenye miwani ya kamba na faili tatu kwapani, mchangamfu, anayeongea huku anatembea.

"Karibuni, karibuni sana. Mimi ndiye Meneja, na kwa bahati mbaya Daktari ni mume wangu," alisema, akacheka utani wake mwenyewe. "Mama, pita ndani. Bwana je?"

"Mimi nasubiri hapa," alisema Fleshi.

Akasubiri kwenye kiti cha plastiki, mkabala na bango la jino lililokatwa katikati. Dakika ya tano Daktari akapita na glavu mkononi, akamwona, akasimama.

"Ah, gego la kushoto!" alisema kwa furaha. "Linaendeleaje?"

"Limetulia."

"Usitafunie upande huo mpaka kesho kutwa." Akaingia kule kule alikoingia Mama Pacha, akafunga mlango.

Wenye wivu wanajua mlango uliofungwa una urefu gani. Fleshi aliusikiliza kwa mwili mzima. Kwanza akasikia sauti ya Daktari ikisema "Haiwezekani! Ni wewe?" Kisha kicheko cha mkewe, kile kikubwa, cha kumfanya aweke chini alichoshika. Fleshi akashika ukingo wa kiti. Alijua akiinuka hapo hakutakuwa na kurudi nyuma, si kwa jina tu. Akaketi. Akasoma maandishi ya kwenye bango, ufizi, mzizi, neva, akarudia tena, ufizi, mzizi, neva.

Halafu ndani kukawa kimya. Sauti moja tu ikawa inasema polepole, na ilikuwa ya Mama Pacha. Alisema kwa muda. Daktari akadakia, akakatizwa. Mlango ukafunguka, Meneja akatoka peke yake bila faili hata moja. Alikwenda kwenye mtungi wa maji, akajaza kikombe, hakunywa.

"Wewe ndiye mumewe?" aliuliza, akimpa mgongo.

"Ndiyo."

"Na wewe, mkeo anasema, ndiye uliyeandika jina la uongo kwenye daftari letu."

"Ni la babu yangu."

Meneja akageuka. Uchangamfu wote ulikuwa umemtoka, uso umebaki na miwani tu. "Mkeo amekataa kusaini kabla hajaniambia jambo. Anasema yeye hawezi kumuuzia mwanamke mwenzake kitu chenye siri ndani." Akakizungusha kikombe. "Wewe ulijua lini?"

"Jumatatu. Nikiwa kwenye kiti, kinywa wazi."

Nusura Meneja acheke. "Na unalala?"

"Silali."

"Mimi ndiye niliyechagua rangi ya kibao. Mimi ndiye niliyetafuta mchoraji. Miezi minne nafuatilia jina hilo kama mwendawazimu. Nilimwuliza limetoka wapi, akaniambia lilimjia akioga." Akatazama kikombe. "Nikuulize kitu, na unijibu ukweli. Ungekuwa mimi, ungelinunua?"

Fleshi alijua jibu lenye faida. Angesema, ah, mambo ya utotoni hayo, mama, nunua tu. Pesa ingeingia, jina lingemtoka mlangoni, na mzigo wote ungehamia nyumba ya pili. Alimtazama yule mwanamke, namna alivyoshika kikombe kwa mikono miwili, akajiona mwenyewe na mswaki mlangoni.

"Nisingelinunua hata nikipewa bure," alisema. "Lakini usinifuate mimi, mama. Mimi ni mgonjwa."

"Basi tuko wodi moja," Meneja alisema, akamwaga maji kwenye chungu cha ua, akarudi ndani.

Hazikupita dakika tatu Mama Pacha akatoka na mkoba wake. Nyuma yake Daktari alisimama kwenye kizingiti, masikio yamemwiva. Alimtazama Fleshi, safari hii usoni na si menoni.

"Kumbe ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ungeniambia. Nisingesema yale."

"Nilikuwa na drili mdomoni."

Kutoka ndani sauti ya Meneja ilimwita kwa cheo, "Daktari!", na mtu yeyote aliyeoa angejua kwamba mke anayekuita kwa cheo hana mzaha. Akaingia.

Walishuka barabara ya juu. Kwenye kona ya benki Fleshi akashindwa kujizuia.

"Ulicheka nini?"

"Lini?"

"Alipoingia tu. Ulicheka sana."

"Upara," Mama Pacha alisema. "Kwenye picha ya mtandao wamempiga kwa mbele. Kwa nyuma hana kitu, kama sahani."

Fleshi aliona aibu kwa furaha iliyomjia, lakini ilikuja, hakuizuia. Iliongozana naye mpaka walipovuka barabara, kisha ikaanza kupungua, maana wivu ni mteja asiyekosa swali: amejuaje picha ya mtandaoni ikoje? Ina maana naye aliitafuta. Akameza. Lilishuka kwa shida, lakini lilishuka.

"Wameghairi kabisa?"

"Meneja ameghairi. Amechana mkataba. Tawi litaitwa kitu kingine, anasema hata likiitwa Namba Mbili ni sawa." Mama Pacha akapunguza mwendo. "Na mimi pia nimeghairi. Nilipokuwa nikimweleza yule mwanamke, nilijisikia nasema 'jina langu, jina langu', mara ngapi sijui. Siliuzi tena. Lakini nataka liandikwe kwangu. Sasa hivi limeandikwa kwako."

Fleshi akasimama. "Likiwa lako unaweza kumuuzia mtu yeyote."

"Ndiyo."

"Hata yeye."

"Hata yeye," Mama Pacha alisema, akamtazama bila kupepesa, akingoja.

Watu walipita kati yao na kuwazunguka. Fleshi akakumbuka kile kiti cha plastiki, na kwamba alikuwa amekaa mpaka mwisho, na hakufa.

"Haya," alisema.

Jioni hiyo, wakati mapacha wanafanya kazi za shule kwenye kaunta, Fleshi akafungua ukurasa wa kampuni waliyosajilia jina, akaingiza nenosiri, akatafuta fomu ya kuhamisha umiliki. Ilitaka jina la mmiliki mpya, namba ya simu, anwani. Mwisho ilitaka sababu ya kuhamisha. Aliandika, *Ni la mke wangu*, akabonyeza. Fomu ikamrudishia: maelezo ni mafupi mno, andika angalau herufi mia moja na ishirini.

"Wanataka nini hawa, hotuba?" alinung'unika.

Akakaa, akafikiri, akaandika kwa vidole viwili, taratibu:

*Baba yake alimwita hivi kwa sababu alikuwa mtoto wa kununa. Mimi nimelitumia miaka kumi na minne nikidhani ni langu. Kuna mwingine naye alidhani hivyo. Ni lake.*

Mama Pacha alikuja akasimama nyuma yake, akasoma juu ya bega. Alisoma mara mbili.

"Futa hiyo ya kununa," alisema. "Haiwahusu."

Akafuta. Fomu ikalalamika tena, herufi zimepungua.

"Basi irudishe," Mama Pacha alisema, akaivuta kibodi kwake, akaiandika mwenyewe, akatuma.